Nebulaiza ipi ununue: anza na dawa, mikono na soketi

Watu hunitumia kwa WhatsApp picha ya boksi la nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta kifuani, chini yake swali moja tu: "Sista, hii inafaa?" Kabla sijaitazama picha, huwa nawarudishia maswali matatu. Mgonjwa ameandikiwa dawa gani? Nani ataishika mashine kila siku? Na umeme wa hapo nyumbani ukoje? Yakishajibiwa hayo, mashine inajichagua yenyewe, na mara nyingi siyo ile iliyopigwa picha.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Tanga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza wodi ya kifua na kliniki ya pumu, na siku hizi nazungukia wagonjwa majumbani: Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mara nyingine hadi Pongwe. Ninaowaona ni watu wa pumu, watu wa COPD, yaani ule ugonjwa sugu unaobana njia za hewa mwaka hadi mwaka, na wale waliopona TB zamani lakini mirija ya mapafu ikabaki imetanuka na kujaa makohozi. Wa COPD kwetu wengi ni kina mama waliopikia kuni na mkaa tangu usichana wao, pamoja na wazee wa sigara. Makundi hayo hayahitaji mashine moja, na wapo wasiohitaji mashine kabisa. Nianze na hao, maana ndio wanaoweza kuokoa pesa yao.

Huenda huihitaji

Kama dawa yako ni salbutamoli ya kufungua kifua, inhela ikitumiwa na spesa, yaani kile chombo kitupu kinachokaa kati ya inhela na mdomo, inafanya kazi sawa na nebulaiza katika mashambulizi mengi ya pumu, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Hilo limepimwa mara nyingi, na mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unaipa nafasi ya kwanza inhela yenye spesa. Haitaki umeme, haina kelele, na inakaa kwenye mkoba. Mtu akiniambia "lakini mashine inafika ndani zaidi", najua amevutiwa na ule moshi anaouona. Dawa ya inhela huioni, basi unadhani haikwenda popote.

Spesa ikikosekana, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inatobolewa kitakoni, tundu la kubana mdomo wa inhela, kisha pembeni panazibwa pasipitishe hewa. Hii siyo kubahatisha. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ililingana na spesa ya kiwandani, isiyozibwa ikawa nyuma kidogo. Kwa hiyo lile ziba-ziba la pembeni ya tundu usilipuuze. Ioshe kwa sabuni ya maji, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa unaitia umeme tuli, na dawa inanasa kwenye kuta za chupa badala ya kwenda kifuani. Bonyeza mara moja, mgonjwa avute pumzi nne au tano za kawaida, ndipo ubonyeze tena.

Anayehitaji nebulaiza kweli ni yupi? Ni yule ambaye mikono au pumzi haimruhusu. Nina mzee mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, inhela anaishika kwa mikono miwili na bado haibonyezeki. Huyo sina cha kubishana naye. Mwingine ni mgonjwa ambaye dawa zake zinapatikana kwa maji tu: maji ya chumvi kali ya asilimia 3 au 7 ya kulainisha makohozi, au antibayotiki za kuvuta, ambazo huandikwa na daktari bingwa. Wa tatu ni mwenye mashambulizi makali ya mara kwa mara, ambaye daktari wake ameamua kuwa mashine iwepo nyumbani.

Na mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi ambaye hajapimwa makohozi, aanzie kituo cha afya, siyo dukani. Nebulaiza humkohoza mtu na kurusha hewani alichonacho kifuani, na kama ni TB, chumba kizima kinakivuta.

Ya kuchemsha maji siyo hii

Madukani kuna kifaa cha plastiki kinachochemsha maji na kutoa mvuke wa moto, chenye kifuniko cha kuwekea uso. Muuzaji atakuambia ndicho cha kifua. Hicho ni cha kujifukiza. Pua iliyoziba kitaisaidia kidogo, lakini salbutamoli ukiitia humo inabaki chini na maji, mgonjwa anavuta mvuke mtupu huku akiamini ametibiwa. Watoto wameungua navyo.

Kinyume chake nacho nimekikuta: nebulaiza halisi iliyotiwa mafuta ya mkaratusi, au ya habasoda. Mafuta yakisagwa kuwa ukungu na kuvutwa mapafuni hayana njia ya kutoka, na yanaweza kuleta nimonia ya aina yake. Kikombe cha nebulaiza kinaingia dawa iliyotengenezwa kwa kuvutwa na maji ya chumvi safi ya asilimia 0.9 basi. Maji ya bomba hapana, hata yaliyochemshwa, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanaweza kuibana mirija ya mwenye pumu.

Ya kompresa

Hii ndiyo iliyojaa hospitalini na majumbani. Ndani ya boksi mna pistoni ndogo inayosukuma hewa. Hewa inapita kwenye mpira mwembamba hadi kikombe cha dawa, inachomoka kwenye tundu dogo kwa kasi, na kasi hiyo inaivuta dawa juu na kuipasua, kama lile bomba la zamani la kupulizia dawa ya mbu. Matone makubwa yanajigonga kwenye kizuizi na kurudi kikombeni kupasuliwa upya. Madogo yanatoka kwa mgonjwa.

Udogo huo ndio unaoulipia. Matone yanayoshuka hadi mirija ya chini ni ya maikroni 1 hadi 5, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Makubwa kuliko hapo yanaishia kooni na kumezwa. Kwenye boksi au kijitabu tafuta herufi MMAD au MMD, ndicho kipimo cha ukubwa wa matone, na namba inayofuata iwe chini ya 5. Kisha tafuta kasi ya hewa. Vikombe vingi vya kawaida vinataka lita 6 hadi 8 kwa dakika. Boksi lisiloandika chochote kati ya hivyo viwili, mimi silinunui hata likiwa na picha ya dubu.

Watu wanalipia boksi na kudharau kikombe, na kikombe ndicho kinachofanya kazi. Kikombe cha bei nafuu kinatoa ukungu muda wote, mgonjwa akivuta na akitoa pumzi sawasawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa inakwenda kwenye pazia. Kuna vikombe vyenye vali, kwa mfano LC Plus wa PARI, vinavyotoa ukungu mwingi zaidi mtu anapovuta na kupunguza anapotoa. Kuna na vile vinavyotoa anapovuta tu, AeroEclipse ni mmoja wao, lakini huku kwetu ni vya kuagiza. Kama una pesa ya ziada kidogo, iweke kwenye kikombe chenye vali badala ya boksi la rangi nzuri. Hakikisha tu kompresa yako inaendana nacho.

Kitu kingine: kikombe hakikaushi dawa yote. Kiasi cha mililita 1 hivi, huenda nusu au moja na nusu, kinabaki ukutani mwa kikombe na hakisagiki. Piga hesabu. Ukitia mililita 2.5 na 1 ikabaki, umeacha asilimia 40. Dawa ileile ukiiongezea maji ya chumvi ifike mililita 4, inayobaki ni asilimia 25. Dozi haijabadilika, umeongeza ujazo tu. Ndiyo maana wauguzi huongeza maji ya chumvi, siyo kwa kuipunguza dawa nguvu kama ndugu wa mgonjwa wanavyonishtaki. Gharama yake ni dakika kadhaa za ziada za kukaa.

Hata kwa kikombe kizuri cha kawaida, takriban asilimia 10 tu ya dawa uliyotia ndiyo hufika mapafuni. Isikuogopeshe, dozi zimepangwa kwa kulijua hilo. Ila likumbuke tutakapofika kwenye mashine ya meshi.

Ubaya wa kompresa unaujua ukiwasha: kelele. Mtoto aliyelala anaamka, jirani wa chumba cha pili anajua umebanwa. Ni nzito kusafiri nayo, zoezi moja huchukua kama dakika 10, na kikombe kinataka kusimama wima, ukikiinamisha sana dawa haivutwi. Uzuri wake ni kwamba inakubali karibu dawa zote, pamoja na budesonidi, ile nyeupe ya kutuliza uvimbe wa mirija, vikombe na mipira vinapatikana, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua.

Angalia kibandiko cha chini kabla ya kuinunua. Nyingi zimeandikwa kitu kama 20/40: iwashwe dakika 20, ipumzishwe 40. Kwa mgonjwa mmoja inatosha kabisa. Zahanati au familia yenye wagonjwa wawili watatu wanaopokezana itaiunguza, wao watafute iliyoandikwa kuwa ya kuendelea muda wote.

Ya meshi

Kampuni kama Omron, Philips, PARI na Aerogen zinazo. Hakuna pistoni. Kuna kibati chembamba chenye matundu madogo zaidi ya elfu moja, kinatikiswa kwa kasi kubwa mno na dawa inachujwa kupita humo ikiwa ukungu tayari. Haina kelele, inakaa kiganjani, inatumia betri au chaji ya simu, inamaliza haraka, na inabakisha dawa kidogo sana, sehemu ya kumi hadi nusu ya mililita. Nyingine zinafanya kazi hata mgonjwa akiwa amelala ubavu. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa, kwa msafiri, na kwa nyumba ambayo umeme ni wa kubahatisha, sijaona inayoishinda.

Bei yake inaipita kompresa mara kadhaa, na hapo hujanunua kichwa cha akiba, yaani ile sehemu yenye kibati. Na ina maradhi yake. Bibi mmoja wa Chumbageni aliletewa ya namna hii na mwanawe anayefanya kazi Muskat. Nilipomtembelea alikuwa ameifunga kwenye kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, kitazame hiki. Kimemchoka mwenyewe."

Nikatia maji ya chumvi, nikawasha. Ukungu ulitoka upande mmoja tu, mwembamba, unakatika. Nilipokiinua kichwa dirishani nikaona utando mweupe umeganda ukingoni mwa kibati: budesonidi ya siku nyingi. Mjukuu wake, binti mwangalifu kabisa, alikuwa akikisugua kwa kijiti cha pamba cha masikio kila Ijumaa. Pamba ndiyo ilikuwa inasindilia dawa kwenye matundu. Tulikiloweka na kukisuuza kama kijitabu kinavyoelekeza, ukungu ukarudi, lakini nusu. Kichwa kipya kiliagizwa kulekule Muskat, kwa kuwa hapa Tanga tulizunguka maduka yote bila kukipata.

Basi ukitaka meshi, sharti la kwanza ni uhakika wa kichwa cha kubadilisha: nani atakileta, kwa muda gani, kwa bei gani. La pili ni mtu wa nyumbani atakayekisuuza kila baada ya matumizi, siyo kesho asubuhi. Kibati hakiguswi kwa kidole, pamba, wala mswaki. Kwa dawa nzito kama budesonidi, au maji ya chumvi kali, soma kijitabu kwanza: mashine nyingine zinaruhusu, nyingine zinakataza.

Na la tatu ndilo watu hawaambiwi dukani. Kwa kuwa meshi inabakisha kidogo na kupoteza kidogo, dozi ileile ya salbutamoli inaweza kufika kifuani kwa wingi zaidi kuliko ulivyozoea. Mikono ikianza kutetemeka na moyo kwenda mbio baada ya kubadili mashine, mwambie daktari kuwa umebadili mashine. Asipojua hilo ataanza kuutafuta ugonjwa wa moyo.

Ya altrasoniki

Hii ina kristali inayotetemesha dawa kwa mawimbi hadi itoe ukungu. Haina kelele, na ilipoingia ilipendwa. Lakini inaipasha dawa joto kadiri inavyofanya kazi, jambo linaloharibu baadhi ya dawa, na dawa zenye chembechembe kama budesonidi haiwezi: maji yanatoka, dawa inabaki chini. Kama mgonjwa anatumia salbutamoli peke yake na mashine umepewa bure, itumie. Kununua, hapana.

Umeme

Mashine inayoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120. Yetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja na harufu. Hata ukitafuta transfoma ya kushusha volti, umeme wao ni wa hezi 60 na wetu 50, kwa hiyo mota nyingi za kompresa zitazunguka taratibu na upepo utapungua. Mwambie ndugu asome kibandiko kabla ya kulipa: iandikwe 230, au 100 hadi 240. Za kutoka Oman na Uingereza hazisumbui, na plagi zao ni zilezile zetu.

Kwa wenye sola: soma wati za kompresa, kisha ununue inveta yenye uwezo wa mara mbili au tatu ya hizo, kwa sababu mota inapoanza hunyonya zaidi. Inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi safi huifanya mota iungurume na kupata moto. Ikiwa mtaani kwenu umeme hukatika usiku, hata ukiwa na kompresa nzuri kiasi gani, inhela na spesa vikae karibu na kitanda.

Swali la mtungi au mashine ya oksijeni ya nyumbani naulizwa sana tangu wakati wa Korona, wengi walibaki nazo. Mashine zile za lita 5 kwa dakika hazina msukumo wa kutosha kuendesha kikombe, utapata ukungu dhaifu wa nusu saa. Na mgonjwa wa COPD anaweza kudhuriwa na oksijeni nyingi. Kwake nebulaiza huendeshwa kwa hewa ya kawaida, oksijeni akiihitaji anapewa kwa mirija ya puani kwa kiwango alichopangiwa.

Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na kichupa cha maji ya chumvi cha asilimia 0.9 na simu yenye saa. Muuzaji asipokubali kufungua boksi, maduka yapo mengi. Tia mililita 3, washa, na ushike kikombe mbele ya nguo nyeusi. Baibui linafaa sana. Ukungu uwe mzito na usiokatika. Usiishie kuutazama, subiri hadi kikombe kianze kutema-tema. Dakika 10 hivi ni sawa, ikipita 15 bado maji yamo, irudishe. Weka kiganja juu ya boksi: joto la uvuguvugu ni kawaida, la kukufanya uondoe mkono siyo kawaida. Halafu uliza bei ya kikombe cha akiba na filta, na uvione kwa macho. Uliza pia kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Jibu la kusitasita nalo ni jibu.

Ukifika nyumbani na mashine "imekufa", usiikimbize kwa fundi. Fungua kikombe kwanza. Ndani mna kipande kidogo cha plastiki chenye umbo la pia, kinakaa juu ya tundu la hewa. Wakati wa kuosha kinadondoka, kinaingia kwenye karai, kinamwagwa na maji. Bila hicho hewa inavuma na ukungu hautoki kabisa. Nimeitwa majumbani kwa ajili ya hicho kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Kisha angalia mpira kama umechomoka upande wa boksi, na filta kama imeziba.

Kuitumia

Mgonjwa akae wima, mgongo umenyooka. Kama anaweza kung'ata kipande cha mdomoni, kitumike hicho kuliko maski, kwa sababu pua inanasa dawa. Maski ni ya watoto wadogo na wagonjwa waliochoka, na ibane usoni. Akina mama huishikilia maski mbali kidogo ili mtoto asilie. Sentimita 2 tu zinapoteza dawa nyingi, na mtoto anayelia naye havuti vizuri. Mtoe kwanza hofu, mwonyeshe mashine ikiwa imezimwa, au mpe dawa akiwa ametulia mapajani.

Dawa ya ipratropiamu, ile ya Atrovent, ikivuja kwenye maski na kuingia machoni inaweza kuamsha presha ya macho kwa mwenye nayo. Huyo atumie kipande cha mdomoni bila mjadala. Anayetumia budesonidi asukutue mdomo na kutema kila amalizapo, na aliyevaa maski anawe uso, la sivyo atapata utando mweupe kinywani.

Pumzi ziwe za kawaida, mara moja moja avute ndefu taratibu. Asizungumze na simu. Salbutamoli na ipratropiamu zinaweza kuchanganywa kikombe kimoja, kwa dawa nyingine uliza kabla. Mwenye makohozi mengi aanze na ya kufungua kifua, afuate maji ya chumvi kali, akohoe atoe, ndipo avute antibayotiki au budesonidi. Akigeuza mpangilio, dawa ya bei mbaya inatua juu ya makohozi na kutolewa nayo.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja, ambaye midomo inabadilika rangi, anayesinzia katikati ya kubanwa, au ambaye nguvu ya dawa inamwishia kabla ya masaa manne kupita, apelekwe hospitali. Mashine mwendelee nayo wakati gari linatafutwa.

Kuisafisha

Kikombe kibichi ni shamba la vijidudu, na kwa hewa yetu ya pwani kinakaa kibichi siku nzima. Mgonjwa mwenye mirija iliyotanuka akivuta vijidudu vya kikombe, hasa wale waitwao Pseudomonasi, anajipandia maradhi ambayo antibayotiki za kawaida haziyawezi.

Kila baada ya kutumia, fungua kikombe vipande vyote, mwaga kilichobaki, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kung'uta, weka juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Usifute. Kikikauka kiweke kwenye bakuli lenye mfuniko, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kikiwa na unyevu, na siyo chooni wala bafuni. Mpira wa hewa hauoshwi. Uache umechomekwa kwenye kompresa, washa dakika moja ukauke ndani. Ukiona madoa meusi au ukungu wa maji usiotoka, nunua mwingine.

Kwa kuua vijidudu, kama kijitabu kinaruhusu, chemsha vipande vya kikombe dakika 5. Tandika kitambaa chini ya sufuria plastiki isiguse bati la moto, na usiondoke jikoni. Siki nyeupe, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji kwa nusu saa, ni ya kusaidia tu. Mwenye makohozi ya kudumu asiitegemee, achemshe. Maski laini na vichwa vya meshi vina masharti yake, fuata kijitabu.

Kikombe hakishirikiwi, hata na mtoto wako wa kumzaa. Boksi linaweza kutumika na watu wawili, kila mtu na kikombe chake na mpira wake. Vile vya kutupwa vinavyotoka hospitali havikutengenezwa vidumu miezi. Plastiki ikianza kupasuka au kugeuka rangi, au zoezi likianza kuchukua muda mrefu kuliko zamani, kimekwisha.

Filta ni kile kipande cha sponji chini ya kifuniko kidogo kwenye boksi. Wengi hawajui kuwa kipo. Kifungue kila mwezi, kwenye nyumba inayopikia mkaa kila wiki mbili. Kikiwa cha kijivu weka kipya, na usikifue: kikilowa hakipitishi hewa, na mota inaungua ikijilazimisha.